Skana ya ABS kwenye hasi 22: kioo kinaudhi, lakini magurudumu inayasoma

Haya wadau, karibuni tena. Hapa Calgary, Kanada, leo ni nyuzi hasi 22, Toyota RAV4 hii imewaka taa ya njano ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, na mkononi nina skana ya kusoma hitilafu, ya kuchomeka chini ya usukani. Mambo ya Bluetooth na lugha ngapi siyagusi, yote yako kwenye boksi.

Kabla hujatoa hela: taa yako ni nyekundu ya breki au njano ya ABS? Kama ni nyekundu, skana weka pembeni. Hakikisha handibreki imeshuka yote. Waya wake ukiingia maji huganda, ukabaki umevutwa, kwa hiyo usiku egesha sehemu tambarare, tia gia ya P, weka kabari kwenye tairi, handibreki usiivute. Kisha fungua boneti. Mafuta ya breki husinyaa kidogo kwenye baridi, na kama yalishakaribia alama ya MIN kwenye chupa yake kwa sababu pedi zimelika, boya la ndani linashuka na kuwasha taa: asubuhi taa inawaka, mchana inazima. Watu husema "ni baridi tu". Pima pedi, zikifika milimita 3 badilisha. Ukijaza mafuta tu umeficha ugonjwa. Na nyekundu ikiwaka pamoja na njano, gari lisitoke hapo.

Sasa hiki kioo, jamani! Tazameni, nabonyeza, namba ya zamani bado iko pale kama kivuli, mpya inakuja kwa kujivuta. LCD ikipoa huzubaa, sawa, lakini kifaa cha magari kinatumika wapi kama si ndani ya gari lililopoa? Washeni hita dakika 15 kwanza, ndiyo dawa.

Ila hapa ndipo kinaniteka. Swichi kwenye ON, naingia ABS, siyo Engine. Vile vidude vya bei chee vya ELM327, vya kuchomeka na kusomea kwenye simu, vingi huishia kwenye injini. Mwenye Ford anaokolewa na programu ya FORScan, sisi wengine tunabaki tunashangaa. Namba ya hitilafu imetoka: C0205. Kwa Toyota hiyo ni sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kushoto. Najua kuna mtu ameshaanza kuagiza sensa. Tulia.

Naingia data mubashara, nachagua kasi ya magurudumu yote manne. Uwanja mtupu, mwenzako aendeshe, wewe soma. Kilomita 20 kwa saa, moja kwa moja, maana kwenye kona magurudumu ya nje hukimbia zaidi na yatakudanganya. Someni nami: 20, 20, 20, na mbele kushoto... 20, 14, 0, 17. Mnaona linavyorukaruka? Sensa iliyokufa ingeganda kwenye 0. Hii bado inaona, ila inaona vibaya. Tunasimama polepole: wenzake wako 8, yenyewe imeshadondoka 0. ABS inadhani gurudumu limejifunga, ndiyo maana pedali inakutetemekea mguuni karibu na kusimama, hata lami ikiwa kavu.

Mkosaji mara nyingi ni chumvi ya barabarani. Kutu inavimba chini ya sensa na kuiinua mbali na pete yake, ile inayozunguka na gurudumu na ambayo sensa huisoma. Kagua waya kwanza, hasa pale unapojikunja usukani ukikata. Ukiwa mzima, piga jeki, weka stendi, toa tairi, fungua boliti ya sensa, kwa kawaida spana ya 10. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe taratibu. Ukiibinua na bisibisi kichwa cha plastiki kinakatika. Safisha tundu kwa msasa. Pete yenye sumaku iguse kwa kitambaa tu, brashi ya waya hapana.

Zikitoka namba za sensa zote nne kwa mpigo, usifungue tairi hata moja. Pima betri: gari likiwa limelala, chini ya volti 12.4 ichaji, injini ikiwaka, utafute 13.8 mpaka 14.7. Chaja za betri nitazichambua wiki ijayo, Ijumaa hii sitoi video.

Nilikuja hapa nikitaka kukipa 4 kati ya 10. Napanda 7, kwa ajili ya hizo namba nne tu. Kikizidi dola 150 mwachie muuzaji.

Sensa nimeshaisafisha na kuirudisha. Nafuta hitilafu, tunazunguka tena. Kilomita 20... 20, 20, 20, 20. Taa imezima.