Muhula wa Erasmus+ kwa anayetaka kujifunza uongozi: uzoefu wangu

Erasmus+ ni mpango wa Umoja wa Ulaya unaompa mwanafunzi nafasi ya kusoma kwa muda katika chuo cha nchi nyingine. Mimi naupima kwa swali moja: je, mwanafunzi anarudi akiwa anaweza kuongoza watu wasiofanana naye? Upande wa masomo umepangwa vizuri. Chuo mwenyeji hakitozi ada, ruzuku inasaidia malazi na chakula ingawa haimalizi gharama, na muda wa kukaa ni miezi 2 hadi 12. Uongozi ndio haumo kwenye ratiba. Kwa hiyo naupa alama za juu kwa mwanafunzi anayejipanga, na za wastani kwa anayesubiri apangiwe.

Kujipanga kunaanzia kwenye mkataba wa masomo, ule unaosainiwa na mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji. Wengi huujaza kwa kulinganisha majina ya masomo tu. Soma kila somo linapimwaje. Lenye mtihani wa mwisho peke yake halikupi mtu wa kufanya naye kazi; lenye mradi wa kikundi linakupa. Piga hesabu ya muda pia: muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima kazi ya masomo, kila krediti saa 25 hadi 30 za kazi, yaani saa 750 hadi 900. Ukirundika masomo mazito matupu, hutabakiwa na jioni za kujitolea.

Na jioni hizo ni muhimu mno. Erasmus Student Network, mtandao wa wanafunzi ulioanza 1989, una matawi vyuoni yanayoendeshwa na wanaojitolea. Usiombe tu kusaidia. Omba jukumu ambalo likikwama itajulikana ni lako: bajeti ya shughuli moja, au kuwapangia wageni wapya wenyeji wa kuwapokea. Liombe wiki za mwanzo, kabla kazi hazijagawanywa.

Panapoharibika zaidi ni kwenye lugha. Wanaozungumza lugha moja huishi pamoja na kusoma pamoja, na kwenye kikundi cha mradi mwenye ufasaha hushika usukani hata kama hoja zake ni dhaifu. Dawa ninayoiamini ni kuomba kuandika ajenda na maazimio ya kikao. Mwandishi lazima aulize nani anafanya nini na lini, na hapo anaongoza hata kama ulimi bado mzito. Asichukulie ukimya kuwa ni kukubali. Kwa baadhi ya watu kunyamaza ndiyo namna ya heshima ya kukataa. Amuulize kila mmoja kwa zamu.

Upungufu mkubwa unakuja baada ya kurudi. Ripoti ya mshiriki, ile unayoijaza ukimaliza, ni dodoso, haichambui uamuzi wowote uliofanya. Weka daftari: kila wiki uamuzi mmoja, nani aliupinga, kwa nini, matokeo yake. Kisha lipeleke kwa mratibu wa chuo chako na uombe kuwapokea wanafunzi wageni muhula unaofuata.