Sadeli za gitaa la umeme zimekwisha: ununue zipi?

Gitaa la umeme la zamani huchoka kwenye briji, yaani bati la chuma linaloshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, mapema kuliko sehemu nyingi. Kiganja cha mpigaji hulala hapo usiku kucha, jasho huingia kwenye skrubu, na kwa magitaa ya Tanga, Zanzibar au Mombasa hewa ya chumvi humalizia kazi. Ukiona uzi wa kwanza unakatika kila mara palepale kwenye sadeli, noti zinavuma kama kuna nyuki ndani, au skrubu ya kupandishia uzi inashuka yenyewe katikati ya wimbo, muda umefika. Wengi hapo huambiwa wanunue briji nzima. Mara nyingi hakuna haja. Vile vipande sita ambavyo kila uzi hulalia, yaani sadeli, pamoja na skrubu zake, vinatosha kulirudisha gitaa kazini.

Nitazungumzia zaidi magitaa ya mtindo wa Stratocaster ya kampuni ya Fender, kwa kuwa ndiyo yenye nakala nyingi mno na ndiyo yanayowachanganya wanunuzi.

Kwanza saizi

Saizi ina uzito kuliko jina la kampuni na kuliko aina ya chuma. Chukua rula, pima kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale pale kwenye sadeli. Stratocaster za mtindo wa zamani, uliotoka mwaka 1954, zina takriban milimita 56.4. Za Marekani za kisasa, ambazo briji huegemea nguzo mbili, pamoja na nakala nyingi za Asia, zina takriban milimita 52.4. Gawa kwa tano upate upana wa sadeli moja: milimita 11.3 kwa zile za kwanza, 10.5 kwa hizi za pili. Tofauti inaonekana ndogo, lakini sadeli pana sita hazitaingia kwenye bati la milimita 52, na nyembamba kwenye bati pana zitacheza huku na huku, uzi uhame kila unapoupiga kwa nguvu.

Kisha angalia skrubu. Za Kimarekani hufuata inchi na hufunguliwa kwa ufunguo wa Aleni, ule wa pembe sita, wa inchi 0.050; za Asia kwa kawaida ni za milimita na ufunguo wake ni wa milimita 1.5. Ufunguo usio wenyewe ukiulazimisha unazungusha kichwa hadi kiwe duara, na hapo fundi itabidi atoboe. Mwulize muuzaji swali hili kabla hujalipa. Asipojua, tafuta mwingine.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa seti ya skrubu na springi mpya peke yake. Kama sadeli bado ni nzima na ugonjwa ni kutu au skrubu zilizolegea, hiyo ndiyo dawa, tena ni rahisi kuliko zote. Toa sadeli nje ya gitaa ndipo uzitie mafuta ya kulegeza kutu, maana mafuta yakinywewa na ubao hayatoki. Pale uzi unapokatikia, pitisha msasa laini sana, namba 600 au zaidi, hadi usisikie ukucha ukikwama. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu ikiwa unaishi pwani. Zingatia pia kwamba kwenye seti nyingi skrubu za nyuzi mbili za pembeni ni fupi kidogo, ili ncha zisikuchome kiganja.

Ya pili ni sadeli za bati la chuma lililokunjwa, mtindo wa awali. Za Gotoh ya Japani ndizo ningemshauri mtu yeyote bila kusita: zimekatwa kwa usahihi na meno ya skrubu zake hayalegei ovyo. Fender wenyewe huuza zao pia. Sauti yake ina ukali ule ambao gitaa la solo la dansi linauhitaji ili lipenye kati ya tarumbeta na ridhimu. Gitaa la tangu mwaka 1971 na miaka iliyofuata, lililotoka kiwandani na sadeli za chuma cha kumimina kwenye kalibu, nalo hupokea hizi vizuri, mradi umepima.

Ya tatu, Graph Tech za Kanada. Si za chuma. Ni mchanganyiko mgumu uliotiwa kilainishi ndani yake, na uzi huteleza juu yake badala ya kusuguliwa. Kwa mtu anayekata nyuzi sana, hasa anayetumia mkono wa tremolo, ule wa kutikisa sauti, ningezipandisha hadi ya pili. Nimeziweka hapa kwa sababu mbili. Zinapunguza makali ya sauti kidogo, kwa sikio langu. Pia hazipitishi umeme. Kwenye Stratocaster hilo halidhuru, kwa kuwa nyuzi hupata athi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini inayozuia mvumo, kupitia kwenye bloku ya tremolo, kile kipande kizito cha chuma chini ya briji. Kwenye Telecaster, gitaa jingine la Fender, ambayo nyuzi hupitia nyuma ya mwili, sadeli ndizo zinazobeba athi, na ukiziweka hizi unaweza kuachiwa mvumo ambao haukuwepo.

Shaba ya njano ni ya nne. Ni nzito, laini, nyuzi huchimba mifereji ndani yake haraka. Kwenye Telecaster yenye sadeli tatu ni jambo jingine: pale naichagua, ila ile iliyochongwa mshazari, ili kila uzi katika jozi ulingane sauti kwenye freti ya 12.

Briji nzima inunue tu ikiwa bati limepinda, au ukingo unaoegemea skrubu umelika hata gitaa halirudi kwenye tyuni. Pima unene wa mwili kwanza. Nakala nyingi za bei nafuu ni nyembamba na bloku ya saizi kamili itachomoza nyuma.

Ya mwisho kabisa ni seti zisizo na jina, za zinki iliyopakwa kromu. Kromu ikimomonyoka, uzi unakaa juu ya zinki laini na utakuwa sokoni tena.

Wenye briji ya Tune-o-matic

Hii ni briji ya kampuni ya Gibson, ambao walianza kuiweka kwenye gitaa lao la Les Paul Custom mwaka 1954. Iangalie kwa ubavu: ikiwa imebonyea katikati, sadeli mpya hazitasaidia, badilisha yote. Ina aina mbili: ABR-1 ina nguzo nyembamba zilizozama moja kwa moja kwenye ubao, Nashville ina nguzo nene zenye vikombe vya chuma, na haziingiliani bila kutoboa. Gotoh GE104B hufuata mtindo wa kwanza, GE103B wa pili. Usikubali fundi apanue matundu ya gitaa la zamani wakati briji inayolingana ipo sokoni.

Sadeli za zamani usizitupe, hasa zenye chapa ya FENDER. Zitie kwenye bahasha, zikae ndani ya kasha la gitaa. Siku ya kuuza, mnunuzi makini ataziulizia.