Maiki nne, kompyuta moja: nunua kifaa gani?

Ukiingia Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, na kumwambia muuzaji kwamba unataka kurekodi watu wanne nyumbani kwa laptopu, mara nyingi utaonyeshwa miksa, mashine ya kuchanganya sauti za maiki kadhaa. Ina matundu mengi na waya ya USB, na inapendeza macho. Mimi niliinunua hiyo kwa ajili ya mazungumzo tunayorekodi na wenzangu kila Jumamosi mtaani Umoja. Tukaongea saa nzima. Nilipofungua faili, sauti zote nne zilikuwa zimekorogwa kuwa kitu kimoja. Mwenzetu mmoja alikuwa na kikohozi siku hiyo, na kila alipokohoa alimfunika aliyekuwa akizungumza. Hakukuwa na njia ya kumwondoa.

Kwa hiyo ukifika dukani uliza hivi: treki ngapi, yaani mikondo ya sauti, zinafika kwenye kompyuta kila moja ikiwa peke yake? Mpangilio wangu unafuata jibu la swali hilo.

Chaguo la kwanza ni intafesi ya maiki nne, yaani kisanduku kinachopeleka sauti za maiki kwenye kompyuta, na kwa watu wengi ningesema Behringer UMC404HD. Kila tundu kati ya yale manne lina kitufe chake cha kupandisha sauti, na kila moja hufika kwenye kompyuta kama treki yake. Anayenong'ona unampandisha, anayekohoa unamnyamazisha, wengine hawaguswi. Inatoa pia volti 48 ambazo maiki nyingi za kondensa, zile zinazonasa hata sauti ndogo, haziwezi kufanya kazi bila hizo. Udhaifu wake unatuhusu sana hapa mjini: haijitoshelezi kwa umeme wa USB, ina adapta ya ukutani. Stima ikipotea laptopu itaendelea kwa betri, lakini rekodi yako itakatika. Ukiwa na mgeni ambaye hutampata tena, iweke kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata watu makini. Focusrite Scarlett 4i4 ina nambari nne kwenye jina, ila maiki inazopokea ni mbili tu. Hizo nyingine ni za kinanda au vyombo vya namna hiyo. Katika familia hiyo, maiki nne unazipata kwenye 18i8. Usisome jina la kifaa, hesabu matundu ya XLR, yale ya mviringo ya kuchomeka waya wa maiki wenye pini tatu.

Nafasi ya pili naipa Zoom PodTrak P4, na kama mtaa wenu hupoteza stima kila wiki, ipandishe iwe ya kwanza. Inatumia betri mbili za AA, inapokea maiki nne, na kila mzungumzaji ana tundu lake la hedifoni, jambo ambalo intafesi nyingi za bei hiyo hazina. Lakini elewa inavyofanya kazi: treki nne zilizotengana zinaandikwa kwenye kadi ya SD. Ukiiunganisha na kompyuta moja kwa moja, kinachopita ni stereo, yaani chaneli mbili tu zenye sauti zote zikiwa zimechanganywa. Rekodi kwenye kadi, kisha uhamishe faili.

Nafasi ya tatu ni kwa bendi yenye ngoma: tafuta intafesi ya maiki nane kama Behringer UMC1820 au Scarlett 18i20. Kwaya ni habari nyingine. Maiki mbili nzuri zilizowekwa mbele ya waimbaji mara nyingi hushinda nane zilizotapakaa, kwa sababu kila maiki iliyo wazi inaongeza mwangwi wa ukuta na honi za matatu.

Miksa yenye USB ni ya nne. Nyingi za bei nafuu, Behringer Xenyx Q802USB ikiwemo, hutuma chaneli mbili tu kwenye kompyuta. Kama tayari unayo, tumia vitufe vya PAN kumpeleka mzungumzaji mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa. Utapata watu wawili waliotengana. Zipo zinazotuma kila chaneli kivyake, kama Soundcraft Signature 12 MTK, ila hizo bei yake ni ya kiwango kingine.

Mwisho kabisa, maiki nne za USB zilizochomekwa pamoja. Usifanye hivyo. Kila maiki ya USB ina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja sauti zimeachana kwa milisekunde 180, na kicheko kinasikika kabla ya mzaha wenyewe. Audacity, programu ya kurekodi, nayo hurekodi kutoka kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Mac inaweza kuunganisha vifaa kadhaa na kusahihisha mwachano huo, lakini fedha uliyotumia ingetosha kuchangia intafesi.

Maiki zenyewe: chukua za dainamiki, ambazo hazinasi kwa urahisi sauti za mbali. Nyumba zetu zina kuta za saruji na vigae, na mvua ikipiga mabati maiki ya kondensa itaibeba yote. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu 1966, na ndiyo sababu bandia zake ni nyingi. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi, kwa hiyo ikikaa nyepesi mkononi, irudishe. Ukiziweka mezani, umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki.

Kwa programu ya kurekodi, Reaper unaijaribu siku 60 kisha leseni ndogo ni dola 60.

Kabla ya kulipa, beba laptopu yako hadi dukani, ikiwa na programu na draiva tayari. Chomeka maiki mbili, uzihamishe tundu hadi tundu huku ukizigonga kwa kidole, na utazame kama kila tundu linatikisa mstari wake peke yake.