Sindano ya duara ya mwanzi niliyonunua Kampala: vuta waya kwanza kabla hujatoa hela

Wafumaji wenzangu wa Uganda, hasa nyinyi mnaofumia watoto wa shule, naandika hii nikiwa bado na hasira na sitaki kusubiri nipoe, maana nikipoa nitaanza kuwatetea.

Nazungumzia ile sindano ya kufumia ya duara, unene 4 mm, ncha mbili za mwanzi zilizounganishwa kwa waya wa plastiki katikati, inakuja kwenye kapakiti kaangavu kasikokuwa na jina la kampuni. Ukizunguka maduka ya nyuzi ya mjini utaikuta tu. Mimi yangu niliichukua duka moja upande wa Kiyembe, jina lake silitaji, nikalipa elfu 25 taslimu bila kuomba kupunguziwa hata shilingi kwa sababu nilikuwa naihitaji kweli na muhula ulikuwa unakaribia.

Kazi yenyewe ni sweta ya binti wa dada yangu, mimi ndiye mama yake mdogo, na mtoto anaenda bodingi Kabale. Anayeijua Kabale hahitaji maelezo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi watoto wanatoka kwenda prepu mvuke unawatoka mdomoni, na sweta zinazouzwa na shule ni za mashine, nyembamba, ukiinua kwenye mwanga unaona mpaka upande wa pili. Sisi tumekulia Koboko kwenye jua, damu yetu haijazoea hayo mambo. Nikamwambia dada, huyu mtoto sweta namfumia mimi, nzito, rangi ileile ya shule, na mwalimu akiuliza mwambie ni ya mama yake mdogo.

Kabla ya kuanza nilifuma kipande cha kupimia, nikakifua, nikakianika, kikakauka, ndio nikahesabu. Kwa uzi wangu wa akriliki kwenye 4 mm napata vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kwa hiyo vitanzi 176 vinanipa kifua cha sentimita 80, mtoto anabaki na nafasi ya kuvaa shati ndani na kukua kidogo. Nayataja haya ili msije mkaniambia kwamba sijui ninachofanya, kama alivyoniambia yule bwana. Nitafika kwake.

Tena hata siku ile ya kununua dalili zilikuwepo. Nilipoomba 4 mm bosi wa duka alinitolea pakiti imeandikwa 8, eti "hii ndiyo namba nane yenu mama". Namba nane yetu ipi? Sisi tuliofundishwa na mama zetu tunajua namba za Kiingereza cha zamani, ambapo namba inavyopanda sindano inakuwa nyembamba, unafuma ribi, ule ukingo unaovutika, kwa namba 10 ambayo ni 3.25 mm na mwili kwa namba 8 ambayo ni 4 mm. Sasa za Kimarekani zinakwenda kinyume, 8 yao ni 5 mm. Nikatoa kadi yangu ya matundu ya kupimia sindano kwenye mkoba nikapima palepale mbele yake, sindano ikagoma kuingia tundu la 4, ikaingia la 5. Kwa sindano hiyo uzi wangu ungeshuka mpaka vitanzi kama 18 kwa sentimita 10, na vitanzi vyangu 176 vingenipa sweta ya karibu sentimita 98, hiyo ni ya baba mtu. Akasema "aa, zote ni nane." Nikamwomba iliyoandikwa milimita, akaitafuta huku anasonya, akanirushia kwenye kaunta. Nikapima, 4 mm kweli. Nikalipa.

Na hapa lazima niseme ukweli, ile sindano mwanzoni niliipenda. Niliipenda sana. Nimefumia miaka mingi zile ndefu za aluminiamu za mama, na sweta ikishakuwa kubwa uzito wote unaning'inia mwishoni mwa sindano, viganja vinauma mpaka usiku. Hii ya duara mzigo wote unakaa mapajani, mikono inasukuma vitanzi tu. Halafu mwanzi na akriliki vinaelewana jamani, akriliki inateleza, kwenye chuma ukikohoa tu kitanzi kimekimbia, kwenye mwanzi kinatulia. Haipigi kelele, nilifuma ndani ya taksi mpaka Ntinda na mtu wa pembeni yangu hakuamka. Ncha zake pia si butu, zinaingia kwenye kitanzi kilichobana bila kupasua uzi. Wakati huo mngeniuliza ningewaambia nunueni mbilimbili.

Nikapanda na mwili, pleni yaani bila mchoro, mzunguko kwa mzunguko, nikafika karibu na kwapa. Imebaki kidogo tu nigawanye mbele na nyuma nianze shingo ya V. Nimekaa, nasukuma vitanzi kutoka kwenye waya viingie kwenye ncha ya kushoto, sikuvuta, nasukuma tu kwa kidole gumba kama ninavyofanya siku zote, nikasikia kitu "tap". Kidogo tu. Nikaona ncha ya mwanzi imebaki mkononi na waya umelala pembeni, umechomoka kwenye kale kabomba ka chuma kanakouunganisha.

Sasa aliyewahi kufuma anajua kinachofuata. Sweta ni nzito, iko mapajani, inajivuta yenyewe kwa uzito wake, na vitanzi vilivyokuwa pale kwenye kiungio vikaanza kutoka kwenye waya kimoja kimoja, naviona kwa macho yangu, kila kimoja kinakaa wazi kidogo kisha kinazama na kuacha ngazi chini yake. Nikabana kitambaa kizima kwa mkono wa kushoto chini ya vile vitanzi, nikapiga kelele waniletee sindano za soksi, zile nyembamba za 2.5 mm za ncha mbili, nikaanza kuokota. Ukipatwa na hii usiokote kwa sindano ya saizi yako, inatanua kitanzi na kuvuta cha jirani. Okota kwa nyembamba, usijali kama kimekaa upande, kwanza kishike, mzunguko unaofuata ndipo unakinyoosha mguu wa kulia ukae mbele. Vilivyoshuka mistari mingi nilivipandisha kwa ndoano ya kroshia, ngazi moja moja kutoka chini. Jioni nzima ilikwenda na umeme nao ukachukuliwa katikati.

Haya. Kitu kinaweza kuharibika, hiyo naelewa. Nikarudi dukani na sindano pamoja na sweta ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, nikitegemea mtu aniambie pole na anibadilishie. Bosi yuko kwenye kaunta, simu sikioni. Nikamsubiri amalize. Nikamsalimia vizuri, nikamwonyesha kabomba, ndani gundi imekauka na kupukutika kama unga wa muhogo, mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba ule waya haukuwahi kushikwa na chochote. Hakuishika. Akaiangalia akiwa amekaa hivohivo akasema, "Mama, umeivuta. Hizi zinataka mkono unaojua."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nafuma tangu shule ya msingi." Akasema, "Kwenye risiti pameandikwa nini?" Pameandikwa kile kinachoandikwa kwenye risiti zote za mji huu, bidhaa ikishauzwa hairudi. Halafu akaingiza mkono kwenye kavera langu bila kuuliza, akashika pindo la sweta kwa vidole viwili, akaligeuza, akasema mbele ya wateja, "Na kwa nini ujitese? Soko la Owino za mashine zimejaa, elfu 15 unavaa leoleo."

Wapendwa, sindano ningeisamehe. Hilo neno sijalisamehe. Mtu anayeuza nyuzi, anayekula kwa mikono yetu sisi tunaofuma, ananiambia kazi ninayoifanya ni mateso. Sweta ya Owino mtoto akirefuka imekwisha, unaigawa. Hii yangu mwakani nakata uzi mmoja juu ya ribi, naokota vitanzi vyote, nafuma kuelekea chini naongeza sentimita 5, nafunga, mtoto anaendelea kuvaa. Kiwiko kikitoboka nakiziba kwa uzi uleule, nimeweka bonge zima la akiba lenye namba ileile ya rangi. Hilo la mashine litafanyiwa nini?

Na hakuishia hapo. Akafungua droo, akatoa supagluu, akaidondoshea kwenye kabomba, akachomeka waya, akapuliza, akanirudishia. "Tayari mama." Sikuombwa radhi, sikuulizwa kama nataka. Kijana wake aliyenisindikiza mpaka mlangoni ndiye aliyeninong'oneza kwamba kuna wengine wamerudisha pakiti hizohizo na bosi anajua. Anajua! Kwa hiyo aliponiambia mkono wangu haujui, alikuwa anajua kabisa tatizo liko wapi.

Nyumbani nikakuta supagluu imemwagika nje ya kabomba na kukauka kwenye waya, kidonge kidogo tu lakini ukipitisha ukucha unakwama, na penye kukwama ukucha, uzi unakwama na kutoka manyoya. Nimeisugua kwa kafaili ka kucha, bado. Hata ningeisugua ikawa laini, nani atalaza vitanzi 176 juu ya tone la supagluu?

Kwa hiyo hukumu yangu. Nilitaka kusema sindano nzuri, duka baya, nendeni mkaitafute kwingine. Lakini nikiandika naona siwezi. Ncha ni nzuri, narudia, mwanzi ule umepigwa msasa vizuri kuliko hata zile za bei. Lakini sindano ya duara kazi yake ni kiungio. Ncha hata kijiti cha mishikaki ukikisugua utaipata, kiungio ndicho unacholipia, na hiki kimefungwa kwa gundi ya kubahatisha. Hapana, msinunue. Anayefuma kofia ya mtoto mchanga kwa kwenda na kurudi labda, vitanzi vichache, haina uzito, nayo ni kwa kubahatisha. Sweta, shali, blanketi, achaneni nayo kabisa.

Na mkiwa dukani, duka lolote lile, shika ncha kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine vuta kwa nguvu, muuzaji akinuna mwache anune, kama itachomoka bora ichomokee pale. Pitisha ukucha kutoka kwenye mwanzi mpaka kwenye waya, ukikwama rudisha. Waya ukiwa umejikunja kwa kukaa kwenye pakiti hilo si kosa, uchovye kwenye maji moto dakika chache, unyooshe, unatulia. Urefu angalia usizidi mzunguko wa unachofuma, mimi kwa kifua cha 80 nilichukua ya sentimita 60 vitanzi vikatosha bila kutanuka, ila kama unafuma mikono kwa mtindo wa kukunja waya mrefu katikati, ule wa mejiki lupu, basi chukua 80 au zaidi na hapo kiungio ndio kinateseka maradufu, maana unauvuta waya kila nusu mzunguko. Na msikubali kuambiwa namba, ombeni milimita.

Nyuzi za sufu zenyewe zenye kukwaruza zipeni chuma, zitakwenda mbio. Akriliki ndiyo naisikitikia, maana ilikuwa imepata mwenzake.

Sweta inaendelea. Mwili nimeuhamishia kwenye zile ndefu za mama, namba 8, nafuma mbele na nyuma mbalimbali kwenda na kurudi, mkono mmoja umekwisha kwa seti ya sindano tano za ncha mbili za aluminiamu. Soksi na shali ya mama mkwe vimewekwa pembeni kwanza, vitanisubiri. Ngazi ukizitafuta kwa kidole bado unazihisi, mistari ile imelegea kidogo, natumaini ikifuliwa na kunyooshwa itakaa sawa, lakini mimi nitakuwa najua ilipo.

Kinachonisumbua sasa ni ribi ya shingo, na hiyo nataka kuifuma kwa duara nisiwe na mshono wa kumkwaruza mtoto. Natafuta 3.25 mm ya sentimita 40, chuma au mwanzi sichagui tena, yenye kiungio cha maana. Pale Kiyembe sirudi. Kama umeiona Jinja, Mbarara, au una mtu anatoka Nairobi na basi, niandikie bei, na uniambie kama waya umeuvuta.