Bangili ya fedha ya Wahopi: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Bangili hii niliinunua mwaka jana huko Second Mesa, kaskazini-mashariki mwa Arizona nchini Marekani, kwa mfua fedha wa Kihopi, yaani wa jamii mojawapo ya wenyeji asilia wa nchi hiyo, aliyenipokea nyumbani kwake. Ina mawingu yaliyopandana kama ngazi, na kutoka kila wingu imeteremka mistari iliyonyooka, ambayo ni mvua. Wahopi hulima mahindi katika nchi kame bila mifereji, wakitegemea mvua na theluji, kwa hiyo fundi alinieleza kwamba wingu katika fedha ni dua, wala si pambo tu.

Kazi yenyewe ni ya mabamba mawili: la juu hukatwa kwa msumeno mwembamba kufuata mchoro, kisha hulehemiwa juu ya bamba zima, na sehemu iliyo wazi hutiwa weusi kwa dawa yenye salfa, hata mawingu yangu yakawa meusi kama yalivyo mawingu yanayoleta mvua. Nilidhani mtindo huu ni wa kale sana. Kumbe ulianza kutafutwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa msukumo wa Jumba la Makumbusho la Kaskazini mwa Arizona, ukashika mizizi kuanzia mwaka 1947, wasanii wa Kihopi Fred Kabotie na Paul Saufkie walipowafundisha Wahopi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Kilicho cha kale ni michoro, maana mingi imetoka kwenye vyungu, vikapu na nguo za kufumwa.

Awali nilitamani bangili yenye unyayo wa dubu. Fundi hakunikataza, lakini aliponiambia kwamba hiyo ni alama ya ukoo wa Dubu, niliona si vyema kuvaa ukoo usio wangu. Mvua, kwa upande mwingine, sote tunaiomba.

Bei yake ni kubwa, nami naiona ya haki. Miaka miwili kabla nilinunua mjini bangili ya bei nafuu iliyoitwa ya Kihopi, ambayo muuzaji hakuweza kunitajia fundi wake. Ilikuwa bamba moja lililopakwa rangi, na rangi ilibanduka baada ya miezi michache. Hii ya sasa ina muhuri wa fundi kwa ndani, na weusi wake haujapungua. Huifuta kwa kitambaa kikavu tu, kwa sababu dawa ya kung'arishia fedha ingeweza kuuondoa weusi wa mawingu.