Waini nyekundu kavu ya Dodoma: uzoefu wangu

Niseme mapema mimi sio mtaalamu, sijui kuzungusha glasi na kunusanusa, ila nakunywa na ninachokipenda nakijua, na hii nyekundu kavu, yaani isiyo na utamu wa sukari, ya zabibu za Makutupora huko Dodoma nimeikubali. Tatizo ukimtajia mtu wa Dar waini ya Dodoma anakumbuka zile tamu za bei chee zinazokuamsha na kichwa, halafu anamalizia "bora ya Sauzi". Hapo anaionea, maana kavu na ile tamu ni vinywaji viwili tofauti kabisa.

Rangi yake nzito, huoni vidole upande wa pili wa glasi. Ukinywa inakaza ulimi kidogo, ina uchachu wa kueleweka, halafu inakuja ladha kama ya zambarau zilizoiva zile za kuacha ulimi wa bluu. Sio laini, na kama umezoea waini za sukari funda la kwanza utakunja uso. Lakini weka na mbuzi wa kuchoma hapo, uchachu unakata mafuta na unajikuta chupa inaelekea mwisho. Na samaki sikuipenda, inamfunika.

Kilichonifanya niielewe zaidi ni kufika mashambani kule Hombolo. Nilitegemea kitu cha kifahari kumbe ni shamba la kawaida kwenye udongo mwekundu, jua kali, vumbi. Mzee mmoja akanionyesha matawi aliyoyakata, akasema huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogolea, ndo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka mvua zikiwepo na tena kiangazi kwenye Agosti Septemba. Nikamuuliza ipi nzuri, akacheka, akasema mvuno wa mvua unahangaika na magonjwa ya ukungu na zabibu zinajaa maji, wa kiangazi ndio wenye sukari yake. Akanipa nichume nionje, ngozi ngumu, mbegu kubwa, tamu lakini inabana mdomo, nikasema aah kumbe ule ukali wa kwenye chupa unaanzia hapa.

Na hii kitu sio ya juzi. Mizabibu ililetwa na wamisionari, mapadri wa misheni ya Bihawana hapo Dodoma ndio wanaotajwa sana, miaka ya 1950, walikuwa wanataka divai ya misa. Baadaye serikali ikaingia na kiwanda cha waini cha DOWICO, watu wakalima kweli, kilipokufa wakulima wakabaki na zabibu mkononi, na zabibu hazingoji, ndani ya siku chache zinaoza. Mpaka leo asiyepata mnunuzi anakamua anauza mchuzi, ndivyo wanavyouita, mchuzi wa zabibu, viwanda vinakuja kuchukua kwa lita. Ukishaona hilo unaacha kushangaa kwa nini chupa mbili za Dodoma zinaweza kutofautiana sana, inategemea nani kakamua na kahifadhi wapi.

Lawama zangu sasa. Duka moja hapa Dar nilinunua chupa iliyokuwa imesimama dirishani inapigwa na jua, kizibo kimekauka mpaka kikavunjika, ndani imeshaanza kuwa siki. Nikarudisha, dada wa kaunta ananiambia "kaka hiyo ndo ladha yake ya Dodoma". Jamani! Na baa nyingi wanakuletea nyekundu ya moto kisa ameambiwa haiwekwi kwenye friji, inywewe kwa joto la chumba, hicho chumba ni cha Ulaya bwana sio cha Sinza mwezi wa pili. Iweke friji kama nusu saa hivi kabla ya kufungua, inatulia kabisa.

Bei iko poa, dukani kwangu ya Sauzi kwenye rafu hiyohiyo inaizidi mbali. Ila usichukue kwa kuangalia picha ya lebo, tafuta palipoandikwa kavu, kisha geuza nyuma usome imetengenezwa wapi na kwa kitu gani, maana kuna zinazochorwa zabibu nzuriii kumbe ndani ni spiriti, sukari na rangi. Ya boksi sirudii tena. Nyeupe ya huko niliyoonja ilikuwa ya kawaida tu, nyepesi, nzuri kwa mchana wa joto, ila pesa yangu inaenda kwenye nyekundu.