Luau ya hotelini Oahu: dola 960, na luau yenyewe hatukuionja

Nianze na jibu kwa wasio na subira wanaouliza kama luau, karamu ya Kihawaii yenye chakula na ngoma, inafaa kulipiwa. Ngoma ilifikia bei, chakula hakikufikia, na kama nyumbani kwenu hamli nguruwe wala hamnywi pombe, sehemu kubwa ya tiketi mnawalipia watu wa meza ya jirani. Mwenye nafasi asome kisa kizima.

Tunaishi Kent, jimbo la Washington, kusini kidogo ya Seattle. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Muheza, na mume wangu akaapa kwamba mama yake hatarudi Tanga akiwa ameona theluji na maduka ya Costco tu. Tukapanda ndege, saa sita hivi angani, tukaenda Oahu, kisiwa cha Hawaii, kwa siku 5. Watu wazima watatu, watoto wawili, mmoja miaka 9 na mmoja 6. Luau ndiyo ilikuwa matembezi ya gharama kubwa kuliko yote, kwa hiyo nilikaa na simu wiki nzima nikilinganisha. Hatimaye tulichagua hoteli moja ya ufukweni upande wa magharibi wa kisiwa, ule ambao jua linazama baharini ukilitazama. Jina silitaji.

Tiketi ya mtu mzima ilikuwa dola 189, mtoto 109. Hapo ukipiga hesabu unapata 785, unasema sawa, tumejikusuru, twende. Kumbe bado. Ilipofika kwenye kulipa ikaongezwa ada ya huduma ya asilimia 18, kisha kodi ya jimbo ambayo pale Oahu mteja hutozwa asilimia 4.7 na chenji. Kadi ikakatwa 960 na kitu. Maegesho mbali. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni mbili kwa chakula cha jioni kimoja, na mume wangu akanionya nisithubutu kumwambia mama. Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Mkamwana, hiyo ni ya watu wote au ya kila mtu?"

Kazini kwangu kuna muuguzi mwenzangu aliyezaliwa Oahu. Yeye alinipa picha ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Kwao luau hasa ni shughuli ya nyumbani: mtoto akitimiza mwaka mmoja, wajomba wanachimba shimo tangu usiku, shangazi wanakesha wakifunga nyama kwenye majani, kila anayekuja anakuja na sinia. Akaniambia ya hotelini ni maonyesho yenye chakula pembeni, nisiende nikitegemea vingine. Nilimsikia, lakini sikumwelewa mpaka nilipofika.

Mlangoni tulivishwa shada shingoni. Hapa nilicheka, maana hata shada lina daraja. Waliokata tiketi za viti vya mbele walivishwa okidi mbichi, sisi wa kawaida tukapewa mkufu wa makombe madogo ya baharini yaliyotungwa kwenye uzi. Mama, ambaye amekulia kwenye vikuba na asumini, aliugeuza ule mkufu mara mbili akasema Pangani angeuokota bure. Baada ya hapo mnapigwa picha na vijana wawili waliovaa mashuka, na picha hiyo mnauziwa wakati wa kutoka kwa dola 40.

Halafu shimo. Wanaliita imu. Mawe ya volkano hupashwa moto kwa kuni za kiawe, mti wa ukoo mmoja na mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo kule Kenya, kisha hupangwa vigogo vya mgomba vilivyopondwa, nguruwe akalazwa, akafunikwa majani na udongo kwa saa nyingi. Neno lao la upishi huo ni kalua. Watoto wangu walidhani ni Kiswahili. Ufunuaji wenyewe ulichukua dakika tano, simu zote juu, moshi mzuri wa kuni ukatupitia. Sasa mimi ni mtoto wa mama ntilie, nikatazama meza, nikatazama watu, hawakupungua mia tatu, nikatazama yule nguruwe mmoja. Hesabu haikukubali. Nikamuuliza mhudumu, naye hakuficha: inayoliwa nyingi hupikwa jikoni, ya shimoni ni ya kuonyesha.

Kwetu sisi Waislamu hilo lilikuwa dogo, kubwa lilikuwa koleo. Siku tatu kabla niliwaandikia kwamba hatuli nguruwe, wakajibu kwa upole kwamba hakuna shida, bafe ina kuku na samaki. Ni kweli vilikuwepo. Ila koleo lile lile lililotoka kwenye nguruwe lilikuwa linaingia kwenye kuku, mbele ya macho yangu, na mbele ya macho ya mama, ambayo ni mabaya zaidi. Hakuna aliyekuwa na habari ya barua yangu. Nikaenda kuomba. Mpishi mmoja akatoka mwenyewe, akasikiliza, akarudi na sahani za samaki na wali kutoka jikoni ambako hazijaguswa na kitu. Dakika 25, lakini kwa heshima. Nyota moja ninayowapa ni ya yule mpishi peke yake.

Na hapo ndipo linapokuja jambo lililonikera hasa. Luau, kwa lugha ya kwao, ni jani. Ni majani machanga ya magimbi, haya haya ya kwetu, na ni chakula kinachopikwa kwa majani hayo na tui la nazi. Hapo zamani karamu yenyewe iliitwa ʻahaʻaina, ikaja kupewa jina la mboga baadaye. Zamani hizo hizo wanaume na wanawake hawakula pamoja, na mwanamke alikatazwa nguruwe, nazi na ndizi za aina nyingi, mpaka mwaka 1819 mfalme kijana Liholiho, yaani Kamehameha II, alipoketi akala na wanawake mbele za watu na mwiko ukaishia pale. Nilipomsimulia mama, la nguruwe halikumgusa. La nazi lilimuuma.

Basi mama alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu, hayo majani ya magimbi kwa nazi. Meza huitwa kwa namba, wa viti vya mbele kwanza. Sisi tulikuwa namba 41. Tulipofika, bakuli la luau, dogo kuliko bakuli la kechapu, lilikuwa jeupe. Limekwisha, halitajazwa tena. Saladi ya makaroni ilikuwepo tele. Tumekwenda luau, luau hakuna!

Nieleze tulichokula, kwa haki. Samaki alikuwa mzuri, ingawa amekaa sana kwenye joto. Lomi ni samoni wa chumvi na nyanya na vitunguu, mwite kachumbari yenye samaki, nilirudia. Mikate ya magimbi ina rangi ya zambarau na watoto waliimaliza. Haupia ni tui lililogandishwa likakatwa vipande, mtu wa Pwani halihitaji maelezo. Poi ndiyo iliyozua mjadala: magimbi yaliyochemshwa, yakapondwa, yakalainishwa kwa maji mpaka yakawa kama uji mzito, na wenyewe huyapenda yakiwa yameanza kuchacha. Mume wangu alionja akaweka kijiko chini. Mama alikula bakuli lake, akala la mume wangu, akasema kilichokosekana ni chumvi tu. Hapo ndipo utajua, ukiila peke yake inachosha, ukiichovyea kitu cha chumvi kama ile samoni inakaa mahali pake.

Vinywaji vilikuwa "bure", maana yake vimo ndani ya bei. Ramu ilikuwa inamiminwa tangu saa kumi na moja jioni, na jamaa wa meza ya jirani walikunywa zao na zetu. Sisi tulikunywa juisi ya mapera na pasheni. Ukiondoa ramu na nguruwe kwenye tiketi ya dola 189, nawaachia wenyewe mkokotoe kinachobaki.

Magharibi iliingia kati ya chakula na ngoma. Tulijitenga kwenye nyasi karibu na mchanga, simu ikatuelekeza kibla kaskazini, kidogo kuegemea magharibi. Mama akagoma, haiwezekani tumevuka bahari yote hii na kibla kiko pale pale kama Tanga. Mume wangu akamchorea dunia kwenye mchanga. Sidhani alishawishika, ila aliswali.

Ngoma sasa. Hapa naondoa lawama zote.

Walianza na hula ya kale. Mzee mmoja amekaa chini na vibuyu viwili vilivyounganishwa, anavigonga ardhini kisha anavipiga kwa kiganja huku akighani, na wanawake sita wanacheza bila tabasamu la kitalii. Mikono ndiyo inayosema: mvua, mlima, mtu aliyeondoka. Ngoma hii iliwahi kufa mdomoni mwa wakubwa. Mwaka 1830 malkia Kaʻahumanu, akiwa ameshaingia Ukristo, aliipiga marufuku hadharani, na aliyeirudisha kwa fahari ni mfalme Kalākaua, aliyeichezesha kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Wachezaji hawajitokezei tu, hulelewa chini ya mwalimu wao kwa miaka. Mama alielewa kabla sijamaliza kutafsiri. "Hawa wana kungwi," alisema. Sehemu hiyo ilidumu kama dakika kumi tu. Ningelipa zaidi ingekuwa nusu saa.

Kisha wakahama kisiwa. Tahiti, na viuno vikaenda kasi mpaka mama akajifunika nusu ya uso kwa mtandio na kuangalia kwa nusu iliyobaki. Haka, ngoma ya Wamaori wa New Zealand. Mwisho kijana wa Kisamoa na fimbo inayowaka ncha zote mbili, akaizungusha, akaikanyaga, na mwanangu wa miaka 6 tangu siku hiyo hagusi mwiko bila kuuzungusha. Mjue tu kwamba moto huo ni wa Samoa, si wa Hawaii, na mengi mnayoyashangilia yametoka visiwa vilivyo maelfu ya kilomita kutoka hapo. Mshereheshaji alilitaja haraka kati ya mzaha na mzaha. Mizaha yake mingi ilikuwa ya kuwasimamisha maharusi na kuuliza nani ana siku ya kuzaliwa.

Viti: kutoka meza 41 tuliona vizuri, jukwaa liko juu. Msiongeze dola 50 za kila mtu kwa ajili ya kuona. Kama mtaongeza, iwe kwa ajili ya kuitwa mapema kwenye chakula, maana hapo ndipo tofauti ilipo.

Kesho yake tulikwenda Honolulu, mtaa wa Kalihi, Helena's Hawaiian Food. Ni mgahawa wa tangu 1946, meza za kawaida, kelele za sahani, na mwaka 2000 ulipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya upishi Marekani. Hapo luau ya ngisi ilikuwepo. Majani yamepikwa mpaka yamelegea kabisa, na lazima yawe hivyo kwa sababu yakibaki mabichi yanawasha koo, tui zito, ngisi laini, utamu kwa mbali. Mama alifumba macho. Alisema ni kisamvu kilichosoma. Tuliagiza tena mara mbili, na poi, na haupia, na mume wangu akala pipikaula, ng'ombe aliyekaushwa (yeye husema bismillah akala, mama hali nyama ya nje, kila mtu na msimamo wake). Watu watano tulilipa chini ya dola 100.

Kwa hiyo kwa wanaouliza kama waende. Kama ni mara yenu ya kwanza na ya mwisho Hawaii, na mna watoto, na mnakula na kunywa kila kitu, nendeni, mtacheka mtafurahi. Kama hamnywi, angalieni kwanza Polynesian Cultural Center kule Laie, kaskazini ya kisiwa. Kilifunguliwa 1963, ni cha kanisa la Wamormoni, pombe haipo kabisa, na wachezaji wengi ni wanafunzi wa chuo cha jirani wanaotoka visiwa vyenyewe. Nguruwe yupo hata huko, kwa hiyo suala la koleo ulizeni kwa simu, msiandike barua pepe kama mimi, na mkifika mtafuteni mpishi kabla meza hazijaanza kuitwa.

Picha ya dola 40 tuliikataa mlangoni. Tulipofika kwenye gari mama hayupo. Alirudi baada ya dakika kumi ameishika ndani ya bahasha, ameinunua kwa hela aliyopewa na mdogo wake mume wangu ya kununulia viatu. Hatukumuuliza.

Mume wangu anataka turudi mwakani na kaka yake. Nimemwambia waende hotelini wao wawili wakatazame moto, mimi na watoto watupitie Kalihi.